Shati la Kola ya Vifungo Liingie Kwenye Sanduku la Biharusi



Mwezi wa Shaabani dukani kwetu huwa hapakaliki. Kila mtu anataka harusi yake ipite kabla ya mfungo, na cherehani zetu tatu hulia tokea asubuhi mpaka baada ya Isha. Katika zahma hiyo aliingia msichana mmoja na wifi yake mtarajiwa, wamekuja na karatasi ya vitu vya sanduku. Tukaipokea, tukaisoma. Magauni ya kutokea 12. Madera 10. Mabaibui 6, mawili kati yake ya mawe. Kanga, vitenge, viatu, mikoba, marashi, udi, mpaka vibanio vya nywele vimeandikwa.

Tukamuuliza biharusi, "Mdogo wetu, wewe unafanya kazi?"

"Ndiyo dada, nasomesha skuli."

"Na nguo ya kwendea skuli iko wapi humu?"

Wakatazamana. Haikuwemo. Fungate ni siku saba, dada zetu, na hata wanaojitahidi kuivuta haifiki mwezi. Jumatatu moja asubuhi biharusi atatoka akafundishe hesabu, na mbele yake kuna sanduku zima ambalo ndani yake hamna nguo ya siku ya kazi. Tukawaambia wapunguze magauni mawili na badala yake tushone mashati matatu marefu, ya kola ya vifungo. Wifi mtu akacheka. "Shati, dada? Si tutampelekea kaka hilo!"

Tulicheka pamoja naye, lakini maneno yale tunayasikia sana, na ndiyo yaliyotufanya tukae leo tuiseme rai yetu. Sisi tunaona shati la kola ya vifungo, likishonwa kwa mwili wa mwanamke na kwa stara yake, linamfaa mwanamke wa Kiislamu wa kisiwani kuliko nusu ya nguo tunazojaziwa kwenye masanduku. Na tunaona linadharauliwa kwa sababu wengi wetu tumelijua kwa njia mbaya, yaani tumelichukua la mwanamme kwenye mitumba ya Darajani, tukalivaa lilivyo.

Tuelewane kwanza ni shati gani. Kola ya vifungo ni ile ambayo ncha zake mbili zina vitundu, na kila ncha inafungwa kwa kifungo kidogo kilichoshonwa kwenye shati lenyewe, karibu na mfupa wa bega. Hadithi yake ni ya mwisho wa karne ya 19. Wachezaji wa polo wa Uingereza, mchezo ule wa mpira juu ya farasi, walikuwa wakisumbuliwa na kola zinazowapigapiga usoni farasi akikimbia, basi wakazifunga kwa vifungo. Inasimuliwa kwamba John Brooks, wa duka la Brooks Brothers la New York, aliwaona, akaichukua fikra ile akaitia kwenye mashati ya kuuza. Kwa hiyo vifungo vile havikuwekwa kwa pambo. Viliwekwa ili kola isiruke. Likumbukeni hilo, maana sisi hatupandi farasi lakini tuna mtandio.

Sasa hili la kwamba shati ni nguo ya mwanamme. Hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas, ya kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake na wanawake wanaojifananisha na wanaume, hatuichezei, na sisi si masheikh wa kuifafanulia watu. Mwenye shaka amuulize mwalimu wake wa darsa. Tunachoweza kusema sisi ni cha ufundi. Shati la kike lina vifungo upande wa kushoto wa mvaaji na vitundu upande wa kulia. La kiume ni kinyume chake. Bega la kike ni jembamba zaidi, kifua kina nafasi yake, nyonga ina nafasi yake. Shati la kike lililoshonwa likafika magotini, likavaliwa juu ya sketi pana na mtandio mkubwa, hatujaona mwanamme wa mtaani kwetu anayetoka nalo. Na tukitaka kuzungumza asili, Waarabu mpaka leo shati wanaliita kwa jina lile lile la vazi la Nabii Yusuf ambalo Qur-ani imelitaja katika kisa chake: lililopakwa damu ya uongo, lililochanwa kwa nyuma, na lililotupwa usoni kwa baba yake akaona. Vazi la kushonwa lenye mikono halikuja kwetu na meli ya Wazungu.

Tatizo halisi la shati tunalolijua sisi ni kifua. Hapo hatutaki kuonea haya, tuko wanawake watupu. Shati la mwanamme ukilivaa, au hata la kike lililoshonwa kwa haraka, kifungo kimoja kinakaa juu ya kifua na kingine chini yake, na katikati panafunguka mdomo. Ukiwa umesimama hupaoni. Ukikaa, ukiinua mkono kuandika ubaoni, ukigeuka kumjibu mtu, aliye pembeni anaona mpaka ndani. Tulikuwa na mteja, naye mwalimu, aliyekuwa akipabana pale kwa pini. Siku moja pini ikafunguka darasani. Alituambia kwamba tokea siku ile akawa anaandika ubaoni mkono umebanwa mbavuni, hafiki juu, watoto wa nyuma hawaoni, na yeye anadhani kila mtu anamtazama kifua. Mwanamke msomi kabisa, amepunguza kazi yake kwa sababu ya tundu la kifungo lililowekwa mahali sipo.

Dawa yake ni rahisi na kila fundi angeijua angetaka. Usianze kupima vifungo kutoka shingoni. Mvalishe mtu, tafuta pale kifua kilipojaa zaidi, tia alama ya kifungo hapo hapo, kisha panda juu na ushuke chini kwa nafasi sawa. Sisi tunaacha kama inchi 3 kati ya kifungo na kifungo, na kwa mwenye kifua kikubwa tunapunguza kidogo. Halafu kwa ndani, baina ya kifungo cha kifua na vile viwili vya jirani yake, tunashona vile vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza, ambavyo kwa nje havionekani. Na nguo iwe na upana wake. Shati likikubana, hata lingekuwa na vifungo ishirini yatafunguka tu yale madirisha.

Turudi kwenye kola na mtandio. Kola ya kawaida ukivaa mtandio juu yake, ncha moja inainuka. Inatoka kama pembe ya mbuzi, unaishusha, inatoka tena, na ukifika kazini mtandio umekaa upande. Kola ya vifungo haina pa kwenda. Imefungwa, imelala, mtandio unapita juu yake umetulia kutwa nzima. Kile kilichowafaa wapanda farasi kinatufaa sisi kwa sababu nyengine kabisa. Lakini mwambieni fundi vifungo vya kola viwe vidogo na bapa, kama milimita 9. Vile vya mbele kwa kawaida ni milimita 11. Kikubwa au cha duara kitaonekana kama kipele chini ya mtandio mwepesi. Na kola isivutwe ikafungwa kwa nguvu. Iachiwe urefu kidogo ili baina ya shingo na kifungo ipinde kwa upole. Fundi akiifunga mpaka ikalala kama karatasi, uzuri wake wote umekwisha, na shingo itakubana.

Tuna neno moja kwa wadogo zetu wanaochomeka mtandio ndani ya kola halafu wanaufunga humo, kola ikabaki nje pamoja na kifua chote. Tunajua inapendeza kwenye picha. Lakini aya ya 31 ya Sura An-Nur imetaka shungi zishuke zifunike kifua, na kifua hakihesabiwi kufunikwa na kola mbili za inchi 3. Mtandio ukae juu ya kola. Mtasema basi kola ina faida gani ikiwa haionekani? Inaonekana nyumbani, mumeo anaiona. Inaonekana kwenye shughuli za wanawake, ukifika ukavua baibui na mtandio, umebaki nadhifu badala ya kubaki na fulana iliyoparara. Na hata isipoonekana, inashika shingo ya nguo isilegee.

Kuna mambo mawili mengine ambayo kwa maoni yetu yangetosha peke yake kulitia shati hili kwenye sanduku, na hatujasikia mtu akiyataja.

La kwanza ni udhu. Dada anayefanya kazi mjini Adhuhuri na Alasiri zinamkuta huko huko. Angalieni magauni tunayoshonewa sasa: mikono imebana kuanzia kiwiko mpaka kiganja, mengine yana lastiki, mengine zipu. Mtu anasimama kwenye mfereji anavuta mkono wa gauni, haupandi, kiwiko kinabaki kikavu au nguo inarowa mpaka bega. Tumewahi kumuona mtu akichelewesha Sala mpaka afike nyumbani kwa sababu ya gauni. Mkono wa shati una kifungo mwishoni na mpasuo. Unafungua, unakunja mara tatu nne, umepita kiwiko, unatawadha, unashusha, unafunga. Ila fundi asikupunje mpasuo. Wengi wanaweka inchi 3 tu, haufiki mahali. Mwambie inchi 5 au 6, na mkono wenyewe uwe na nafasi ya kukunjika juu ya kiwiko bila ya kukaba. Mpasuo mrefu ukiogopa utafunguka, weka kifungo kimoja kidogo katikati yake.

La pili ni kunyonyesha. Biharusi wa leo, Mungu akijaalia, mwakani ana mtoto mkononi. Yale magauni 12 yenye zipu mgongoni atayavaa vipi? Tunayaona yakirudi dukani, yanaletwa tuyakate mbele. Mengine hayakatiki kwa sababu ya mawe na leisi. Shati linafunguka mbele, vifungo viwili tu, mtandio unasitiri juu, mtoto amenyonya, na mama hakuvua nguo kwenye nyumba ya watu. Mama zetu walivaa magauni ya vifungo mbele, hawakuwa wajinga.

Kitambaa sasa. Hapa ndipo pesa yako inapookoka au kupotea. Ukifika Mchangani utaonyeshwa vitambaa vyeupe vinavyofanana vyote. Usichague kwa kuvishika tu. Toka nacho mlangoni kwenye jua, tia mkono chini yake. Ukiona vidole vyako, na jua la saa sita litaona kiuno chako. Poplini ya pamba ni nzuri na nyepesi, lakini nyeupe yake nyingi inaonyesha, itakulazimu uvae shimizi ndani. Sisi kwa shati hili tunapenda oksfodi, kile kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa nyuzi mbili mbili kama mkeka mdogo. Kina uzito, kinapitisha hewa, hakionyeshi ovyo, na kola ya vifungo kwa asili yake hukaa vizuri kwenye kitambaa hicho. Polista tupu kwa joto letu la Januari na Februari ni adhabu. Haina haja ya pasi, kweli, lakini jasho halina pa kutokea, na harufu yake ikishaingia kwapani haitoki hata kwa ndimu. Mchanganyiko wa pamba na polista unakubalika kwa asiye na muda wa pasi. Rangi si lazima nyeupe. Buluu nyepesi na ile ya maziwa zinastahamili zaidi maji yetu.

Na kabla hakijakatwa, kitambaa kirowekwe. Tunalisema hili kwa haya kwa sababu sisi wenyewe liliwahi kutufika. Mwaka wa kwanza wa duka tulimshonea biharusi mashati mawili ya pamba, tukawa na haraka, hatukurowesha kitambaa. Alipolifua mara ya kwanza shati likajivuta, na kile kitambaa kigumu kinachogandishwa kwa pasi ndani ya kola chenyewe hakikujivuta. Kola ikafura mapovu kama chapati. Alikuja nalo kwenye mfuko, hakusema neno, akaliweka juu ya meza. Mama yake ndiye aliyesema, tena mbele ya wateja. Tulimrejeshea pesa yake, tukamshonea mengine bila ya malipo, na kwa miezi miwili mtaa wao wote hatukupata mteja. Basi rowekeni saa moja au mbili kwenye maji ya uvuguvugu, anikeni, pigeni pasi, ndipo mkate. Fundi akikwambia si lazima, mpelekee kikiwa kimeshafuliwa.

Kufua. Somo atakufundisha mengi, na haya uyaongezee. Kabla shati halijaingia kwenye beseni au mashine, fungua vifungo vyote, hasa viwili vya kola. Watu wanavisahau. Kola ikibaki imefungwa, nguo inapopigwapigwa ile ncha inavuta, na kile kifungo kidogo hakitoki peke yake, kinatoka na kipande cha kitambaa. Tundu la namna hiyo kifuani halifichiki. Ligeuze ndani nje. Kola na mwisho wa mikono ndipo panaposhika uchafu, kwa sababu ya jasho na mafuta ya nazi ya nywele, na kwa biharusi liwa na singo na poda ya uso. Paka sabuni ya mche pale, acha robo saa, kisha fikicha kwa mkono au kwa mswaki wa zamani uliolainika. Usitumie brashi ya sakafuni. Ncha za kola ndizo zinazokatika kwanza, na mara nyingi ni brashi iliyozikata, wala si uzee.

Jiki ndiye adui tunayempigania kila siku. Kola ya shati jeupe imeingia umanjano, mtu anamimina jiki. Jasho na mafuta likikutana na jiki mara nyingi linazidi kuwa manjano, na pamba inalegea, ukija kupiga pasi inachanika. Kwa nguo ya rangi ndiyo usiguse kabisa. Na tafadhali msichanganye jiki na siki, ndimu wala dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake ni sumu, na vyoo vyetu vya ndani havina madirisha. Jeupe lililofifia litie buluu kidogo kwenye maji ya mwisho, kama walivyokuwa wakifanya bibi zetu, lakini ikoroge mpaka iyeyuke yote, lisije likatoka na mabaka. Maji ya visima vyetu vingi ni magumu, sabuni haitoi povu sawasawa na hubaki ndani ya nguo ikaifanya iparare. Suuzeni mara tatu, na mkiweza maji ya mwisho yawe ya mvua au ya mfereji.

Madoa ya kwetu yana tabia zake. La urojo, lile la manjano, ukilitia sabuni linageuka jekundu na mtu anadhani ameharibu nguo. Usishituke, suuza mpaka sabuni itoke, kisha anika juani. Manjano haistahamili jua, litafifia siku hadi siku. Kutu ya msumari au ya kitundikio cha waya, tia ndimu na chumvi, weka juani, suuza vizuri. Hina na piko hatuna dawa. Biharusi asivae shati jeupe mpaka hina yake ikauke na kubanduka vizuri, na aliyelivaa asitutafute. Mafuta ya udi nayo yasipakwe kwenye kola. Jipakeni nyuma ya masikio, yakauke, ndipo mvae. Ukitaka kulifukiza shati, lifukize likiwa mbali kidogo na chetezo, na lisiwe bichi, maana moshi hushika kwenye unyevu ukaacha rangi ya chai.

Anikeni kwa mabega kwenye kitundikio cha plastiki au cha mti, vifungo vya shingo vikiwa vimefungwa kimoja tu, ili kola ikauke ikiwa na umbo lake. Vibanio vya nguo visibane kola.

Pasi ipigwe shati likiwa na unyevu kidogo. Anza na kola, ikiwa imefunguliwa. Pita upande wa chini kwanza, tokea ncha kwenda katikati, kisha ncha ya pili kwenda katikati, halafu geuza upande wa juu vivyo hivyo. Ukianzia katikati kwenda kwenye ncha unasukuma kitambaa, kinakusanyika nchani, na vile vitundu vinapinda. Kisha fuata mwisho wa mikono, mikono, mabega, mgongo, na mbele mwisho. Usipite pasi juu ya vifungo, zungukia. Wala usiikunje kola ukaipiga pasi kwenye kunjo. Ifunge vifungo vyake kwa mkono, iache ipinde yenyewe. Kanji tieni kidogo sana au msitie. Kanji ni ya kanzu na kofia. Kola hii ikikakamaa kama ubao haina tena raha yake, na itakukwaruza shingo.

Kabatini, wakati wa masika, lisikae kwenye mfuko wa nailoni, litaingia ukungu. Liache lipumue, weka karafuu chache kwenye kitambaa pembeni.

Siku kola itakapokatika, maana itakatika, usilitupe shati. Mpelekee fundi aifumue, aipindue, aishone tena, upande wa chini uje juu. Kola ya vifungo inapinduka vizuri kwa sababu vitundu vyake vimetoboka pande zote mbili, na vifungo viko kwenye shati havisogei. Uzi wa vitundu utaonekana kidogo kwa upande usio mzuri, basi. Kazi hiyo ni ya saa moja na shati linapata umri mwengine. Mafundi wazee waliifanya kila wiki. Siku hizi ukiomba, fundi kijana anakutazama kama umeomba akutengenezee viatu vya farasi. Sisi tunaifanya, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na shati jipya.

Neno dogo la bwana harusi, kwa vile nyinyi ndio mnaomchagulia. Akivaa suti na tai kwenye walima, mpeni kola ya kawaida iliyonyooka. Kola ya vifungo ni ya siku zake za kazi na matembezi. Na anapoivaa, avifunge vile vifungo viwili. Kuviacha wazi kunamfanya aonekane ameamshwa ghafla.

Yule mwalimu aliyekuwa akiandika mkono umebanwa tulimshonea matatu, moja jeupe na mawili ya buluu. Alipolijaribu la kwanza aliinua mikono yote miwili juu mbele ya kioo, akaishusha, akainua tena, akageuka upande. Hakutuambia limempendeza. Alisema tu, "Halifunguki."

Na yule biharusi wa Shaabani sanduku lake lilikwenda na magauni 10 na mashati matatu. Bibi mmoja wa upande wa mume, tuliambiwa, aliyashika yale mashati siku ya kufunguliwa sanduku akauliza kama fundi alikosea akamtilia nguo za baba yake. Baada ya Sikukuu wifi mtu alirudi dukani peke yake, na kitambaa cha oksfodi cha rangi ya maziwa mkobani, kimeshafuliwa na kupigwa pasi.

"Langu lifike magotini, dada," akasema. "Na mpasuo wa mkono msinipunje."